Mkaa wa vifuu kwa udongo na maji yenye sumu: namna ya kuutengeneza na kuutumia Dar

Nyuma ya nyumba tunayopanga Tabata kuna kiwanja kidogo ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kinaota magugu tu. Mwenye nyumba aliponiruhusu kulima mboga, mama mmoja jirani alikuja kusimama ukingoni akaniangalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hapo unapanda nini?"

"Mchicha na matembele."

"Haya. Ila ujue hapo palikuwa na gereji. Huo mchicha utaula mwenyewe."

Maneno yake yalinikata stimu siku ile, lakini ndiyo yaliyonifanya nijifunze haya ninayoyaandika. Nilikuwa nimeshasikia kuhusu bayocha, yaani mkaa unaotengenezwa kwa ajili ya udongo na si kwa ajili ya jiko, na nilidhani ukichanganya tu, sumu inakwisha. Haiishi. Mkaa hauli sumu, unaikamata. Risasi, ile metali yenye sumu iliyomo kwenye betri za magari, iliyomwagika kwenye kiwanja changu bado imo humohumo. Kilichobadilika ni kwamba sehemu kubwa yake imeshikwa na mkaa, kwa hiyo mizizi ya mchicha haiifikii kwa urahisi kama zamani. Ukilielewa hilo, hatua zote zinazofuata zitakuingia akilini. Usipolielewa, utajilisha sumu huku ukijiona umepona.

Mkaa unakamata kwa njia mbili kubwa. Kwanza una vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Mkaa uliochomwa vizuri kwa joto kali unaweza kuwa na zaidi ya mita 200 za mraba za kuta za ndani katika gramu moja tu, na mafuta, viuatilifu na rangi hunasa kwenye kuta hizo. Pili, kuta hizo zina chaji hasi na mkaa wenyewe una majivu, hivyo unapunguza uchachu, yaani ukali wa asidi, wa udongo. Risasi, kadimiamu, zinki na shaba ni metali zenye chaji chanya. Zinavutwa na mkaa, na udongo usio mchachu unazifanya zigande badala ya kuyeyuka majini.

Anza na historia ya kiwanja

Kabla ya jembe, uliza. Waulize wazee wa mtaa, muulize mjumbe, muulize fundi viatu aliyekaa kona ileile miaka ishirini. Hapa Dar ardhi imebadilishwa matumizi mara nyingi. Tabata kwenyewe palikuwa na dampo la jiji, na wakazi walikwenda Mahakama Kuu kulipinga wakashinda mwaka 1988. Vingunguti pana machinjio na mabwawa ya majitaka. Bonde la Msimbazi linapokea maji kutoka vilima vya Pugu, linapita katikati ya viwanda na makazi, kisha linamwaga baharini pale daraja la Selander, na humohumo njiani watu wanalima mboga tunazokula. Kando ya barabara kuu nako usijidanganye. Petroli yenye risasi iliondoka katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, lakini risasi iliyoanguka chini kabla ya hapo haikuondoka nayo. Haiozi na haipeperuki.

Historia inakuambia utafute nini:

- Gereji, wachomeleaji, wauza vyuma chakavu, wafungua betri: risasi, kadimiamu, zinki, na mafuta machafu.
- Viwanda vya ngozi: metali ya kromiamu. Viwanda vya nguo: rangi, na mara nyingine metali.
- Dampo la zamani: chochote kile.
- Choo cha shimo karibu na kisima: vijidudu na naitreti (chumvi ya naitrojeni itokanayo na kinyesi), na hapo mkaa hautakusaidia sana, nitaeleza mbele.
- Mbao zilizowekwa dawa ya kuzuia mchwa: huenda kuna arseniki, sumu iliyokuwa kwenye dawa hizo.

Hiyo arseniki ndiyo mtego. Yenyewe haina tabia ya risasi. Udongo unapopunguzwa uchachu, arseniki inaweza kulegea na kuingia kwenye maji na mimea kwa wingi zaidi kuliko mwanzo. Kwa hiyo mtu anayemwaga mkaa kwenye kiwanja chenye arseniki anaweza kuongeza tatizo kwa mikono yake.

Pima, hata kama inauma mfukoni

Macho hayaoni risasi. Mchicha wenye kadimiamu unapendeza, unanenepa, na unauzika kama mwingine. Chukua sampuli hivi: tembea kiwanja chote kwa mwendo wa kupindapinda, simama sehemu kumi, kila sehemu chimba sentimita 20 kwenda chini na uchote udongo kidogo. Changanya zote kwenye ndoo safi ya plastiki. Usitumie ndoo ya bati, kwa sababu bati lina zinki na litaharibu kipimo. Toa nusu kilo, anika kivulini, funga kwenye mfuko mpya na uandike tarehe na mahali. Kama kuna kona iliyokuwa ya kumwaga oili, ichukulie sampuli yake peke yake.

Sampuli unaweza kuipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, au kwenye maabara za vyuo. Kwa mambo ya udongo wa kilimo kuna Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro na kituo cha Mlingano cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) kule Tanga. Waambie unataka uchachu wa udongo (pH), risasi, kadimiamu, kromiamu, zinki, shaba na arseniki. Kama fedha haitoshi, mimi ningelipia uchachu, risasi, kadimiamu na arseniki kwanza. Gharama ni kubwa kwa mtu mmoja, kwa hiyo majirani wanaolima eneo moja wachange. Sisi tulichanga watu wanne.

Majibu utayasomaje? Kwa risasi kwenye udongo wa makazi, Marekani ilitumia kiwango cha miligramu 400 kwa kilo kwa miaka mingi, kisha mwaka 2024 ikakishusha hadi 200. Mimi nimeamua hivi: chini ya 100 nalima kwa tahadhari za kawaida, kati ya 100 na 300 naweka mkaa na kuchagua mazao, juu ya hapo silimi chini kabisa, napanda kwenye viroba vyenye udongo wa kuja nao. Huo ni uamuzi wangu, si sheria ya nchi. Kama una mtoto anayetambaa, shusha zaidi, maana Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mtoto huila kwa kutia mkono mdomoni hata kabla hujavuna.

Malighafi: acha mkaa wa gunia jikoni

Watu wengi huuliza kwa nini wasiponde tu ule mkaa wa kupikia. Unaweza, na chenga zinazobaki chini ya gunia zinafaa kabisa baada ya kuoshwa. Lakini kununua magunia ya mkaa wa miti kutoka misitu inayokwisha ili usafishe bustani ya mita chache, hapo mimi sioni faida. Na jiji hili limejaa takataka za kuchomwa.

Vifuu vya nazi ndivyo bora. Vigumu, vinatoa mkaa mzito usiomomonyoka, na vinapatikana kwa mama lishe, kwa wauza nazi iliyokunwa na sokoni. Maganda ya mpunga yapo kwenye mashine za kukoboa, ni mepesi na yanahitaji njia yake. Maranda ya mafundi seremala wa Keko nayo yanafaa, ila uwe na uhakika ni mbao tupu. Mbao yenye rangi, vanishi, gundi ya plaiwudi au dawa ya mchwa usiiguse, utakuwa unaleta sumu mpya kuja kupambana na ya zamani.

Vyote viwe vikavu. Kifuu kibichi kinatoa moshi mwingi, na moshi ndio ugomvi na majirani. Anza kukusanya mapema kwa sababu utahitaji vingi kuliko unavyodhani. Hesabu hii hapa: tuta la mita 1 kwa 6, kina cha sentimita 20, ni udongo wa mita za ujazo 1.2. Mchanga wetu wa Dar una uzito wa karibu tani moja na nusu kwa mita ya ujazo, kwa hiyo tuta hilo ni kilo 1,800. Dozi ya kawaida ni kati ya asilimia 1 na 5 ya uzito. Tukichukua 2, ni kilo 36 za mkaa. Kilo 100 za vifuu vikavu hutoa mkaa wa kilo 20 hadi 25, basi unahitaji kilo 144 hadi 180 za vifuu. Kwa makadirio yangu hizo ni nazi zipatazo elfu moja. Kwa tuta moja! Ndiyo maana huwa nacheka nikisikia mtu anataka kusafisha heka nzima kwa pipa moja.

Kuchoma

Tafuta pipa la chuma la lita 200, zima upande wa chini, limekatwa juu. Pipa lililobeba kemikali liache. Lililobeba mafuta ya kula ndilo zuri, na hata hilo lichomwe tupu kwanza hadi rangi iishe. Kama una eneo na maji ya chini hayako karibu, shimo la umbo la faneli, upana wa mita 1.2 juu na kina cha sentimita 70, linafanya kazi ileile bila kununua chochote. Mabondeni kama Jangwani au Kigogo usichimbe, utakuta maji.

Kanuni ni moja: moto uwe juu, mkaa uwe chini. Mwali wa juu unakula hewa yote inayoingia na unaunguza moshi unaopanda, kwa hiyo vilivyo chini vinaiva bila kuwa majivu.

1. Mjulishe jirani na mwenyekiti wa mtaa. Chagua asubuhi isiyo na upepo, mbali na nguo zilizoanikwa. Usichome ndani wala kwenye banda lililofungwa, moshi wa mkaa unaua kimyakimya.
2. Washa moto mkali chini ya pipa kwa vijiti vikavu. Ukikolea, mwaga tabaka la vifuu, kiasi cha ndoo moja.
3. Subiri. Vifuu vya juu vikianza kufanya ukungu mweupe wa majivu pembeni, mwaga tabaka jingine. Ukiwahi sana mwali unazimika na moshi unatoka. Ukichelewa unapoteza mkaa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na utaizoea kwenye pipa la pili.
4. Endelea hivyo hadi pipa likaribie kujaa. Mimi hunichukua saa mbili na kidogo.
5. Mwali ukipungua na kuwa mfupi wa bluu, zima. Mwaga maji taratibu hadi mvuke uishe kabisa, zaidi ya lita 100. Siku ya mgao wa maji, funika pipa kwa bati, ziba kingo kwa tope bila kuacha upenyo, na uache hadi kesho yake.

Mara ya kwanza nilimwaga ndoo tatu, nikaona jeusi tupu, nikaenda kulala. Asubuhi nilikuta majivu ya kijivu nusu pipa. Kaa moja iliyobaki hai katikati ilikuwa imekula kazi ya siku nzima. Siku hizi natia mti hadi chini, nachokonoa, namwaga tena, kisha naumwaga mkaa chini kwenye sakafu na kuutandaza.

Maganda ya mpunga hayakubali njia ya pipa, yanajibana na kuzima moto. Chukua debe la bati, litoboe matundu mengi kwa msumari pembeni, lichomeke bomba juu liwe kama dohani, washa moto chini yake kisha zungushia maganda kama kichuguu. Yanabadilika kuwa meusi kutoka ndani kwenda nje bila mwali. Wajapani wameifanya kazi hiyo tangu zamani na mkaa wake huuita kuntan. Yakishika weusi hadi ngozi ya nje, tandaza na mwaga maji mara moja, maana yakipitiliza dakika chache yanakuwa majivu.

Mkaa umeiva?

Kifuu kilichoiva kikidondoshwa sakafuni hulia kama kigae, na kikivunjwa hukatika kwa mlio, ndani kikiwa cheusi kinachong'aa. Sugua kipande mkononi, kisha nawa kwa maji matupu. Weusi ukitoka wote, mkaa ni mzuri. Ukibaki na utelezi unaodai sabuni, bado una lami ya moshi ndani yake, na lami hiyo yenyewe ni uchafu. Urudishe motoni. Kipimo kingine: otesha mbegu 20 za mchicha kwenye kopo la udongo safi uliochanganywa na mkaa kidogo, na 20 kwenye udongo safi peke yake. Kopo la mkaa likichelewa sana kuota, usiutumie.

Ponda ukiwa umelowa, ndani ya kiroba, kwa mchi au kwa kukanyagia. Vumbi lake ni baya kifuani, vaa barakoa. Kwa udongo, saizi kati ya chenga za mchele na punje ya mahindi inatosha.

Usiumwage ukiwa mtupu

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Mkaa mpya una njaa. Ukiuweka mtupu kwenye tuta, unashika hata naitrojeni ya mimea yako, na mchicha unadumaa na kuwa wa njano wiki zote za mwanzo. Tuta langu la kwanza lilikuwa hivyo, na yule mama jirani hakusema kitu, alitikisa kichwa tu.

Ulishe kwanza. Changanya mkaa na mboji au samadi iliyoiva, debe kwa debe, lowesha hadi ukifinya utoe tone moja, funika kwa turubai na uache wiki tatu au nne, ukigeuza kila wiki. Mbolea ya kuku inafaa lakini iwe imeoza kabisa, ikiwa mbichi ina chumvi, inaunguza na ina vijidudu. Mboji yenyewe nayo inasaidia kukamata metali, kwa hiyo hujapoteza kitu.

Kuchanganya kwenye tuta

Fanya kabla ya mvua, Februari kabla ya masika au Septemba kabla ya vuli, ili mkaa upate muda wa kukaa na unyevu. Lowesha tuta lisitimue vumbi, kwa sababu vumbi lenye risasi ndilo unalolikimbia. Tandaza mchanganyiko sawasawa, lima hadi sentimita 20, sawazisha kwa reki, rudia kukatisha upande mwingine, rudia mara ya tatu. Uvivu kwenye kuchanganya unaonekana baadaye: mzizi uliopita mahali pasipo na mkaa utakunywa sumu kama kawaida.

Mwagilia, subiri wiki mbili hadi nne, kisha panda. Kama udongo ulikuwa tayari hauna uchachu, yaani kipimo cha pH kilisoma juu ya 7.5, shuka hadi asilimia 1 na uangalie majani machanga. Yakiwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, mmea umekosa chuma, na wewe umezidisha mkaa. Baada ya hapo funika matuta kwa nyasi kavu. Sehemu kubwa ya risasi kwenye mboga haipiti kwenye mzizi, inaruka na matone ya mvua na vumbi kuja kukaa kwenye jani.

Chagua na mazao. Mchicha ni miongoni mwa mimea inayovuta kadimiamu kwa nguvu, na mboga za majani na mizizi kwa ujumla hubeba zaidi kuliko matunda. Kwa misimu ya kwanza mimi nilipanda bamia, nyanya, bilinganya na mahindi. Najua mchicha ndio unaoleta hela ya haraka, wiki tatu uko sokoni, lakini ungoje.

Utarajie nini? Wanasayansi waliounganisha matokeo ya majaribio mengi ya nchi mbalimbali wamepata kwamba mkaa hupunguza risasi na kadimiamu ndani ya mimea kwa wastani unaokaribia asilimia 40, na pungufu ya hapo kwa shaba na zinki. Sasa pima hiyo kwa Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, ambavyo kwa mboga za majani huruhusu risasi miligramu 0.3 na kadimiamu 0.2 kwa kilo. Mchicha uliokuwa na risasi 0.5 utashuka hadi 0.3, umegusa mstari. Uliokuwa na 1.5 utashuka hadi 0.9, na bado ni mara tatu ya kiwango. Kwa hiyo baada ya msimu mmoja peleka mboga yenyewe maabara, si udongo. Kipimo cha udongo kitaonyesha risasi ileile, maana haikuondoka.

Udongo wenye oili

Kwa oili habari ni nzuri zaidi kidogo, kwa sababu mafuta, tofauti na risasi, huliwa na bakteria hadi yakaisha. Mkaa unayashika yasitiririke, unapunguza makali yake, na unawapa bakteria mahali pa kukaa. Kwanza chota na kutenga ule udongo unaonata kabisa, huo usihangaike nao bustanini. Uliobaki changanya na mkaa asilimia 5 na mboji asilimia 10, tandaza unene usiozidi sentimita 30, weka unyevu na ugeuze kila wiki hewa iingie. Hesabu miezi. Harufu ikiisha na maji yakimwagwa yakapenya bila kutengeneza utando wa rangi rangi, panda majani ya kawaida kwanza, si mboga.

Maji

Hapa niseme wazi kabla ya kuchora chujio. Mkaa wa kifuu hauondoi chumvi, kwa hiyo kisima chako cha Mbezi Beach au Kigamboni chenye maji ya chumvi kitabaki vilevile. Hauondoi naitreti ya vyoo, kwani yenyewe ina chaji hasi kama mkaa. Hauondoi floridi ya Arusha na Kilimanjaro. Kule hutumika mkaa wa mifupa, na utafiti wake umefanyika miaka mingi pale Ngurdoto, Arusha. Wala hauui vijidudu. Mwaka 2015 kipindupindu kilianzia hapahapa Dar mwezi Agosti kikasambaa nchini, na hakuna chujio la mkaa ambalo lingekizuia. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, na maji ya Msimbazi yasinywewe hata yakipita kwenye mkaa mara kumi.

Unachopata ni kupunguza metali, viuatilifu, sabuni, rangi, harufu na mafuta madogomadogo. Kwa maji ya kumwagilia hiyo ni kazi kubwa.

Chujio la pipa la lita 200 linajengwa hivi. Toboa chini, weka koki, na kutoka kwenye koki panda na bomba hadi juu kidogo ya usawa wa mkaa kabla ya kulikunjia nje, ili mkaa ubaki umezama muda wote. Ndani, kutoka chini: kokoto za kawaida sentimita 10, kokoto ndogo 5, mkaa uliopondwa wa saizi ya chenga za mchele hadi punje ya mtama sentimita 40, kitambaa cha chandarua, mchanga uliooshwa 15. Mkaa uoshe hadi maji yatoke meupe, na hapa usiulishe mboji, unautaka na njaa yake. Sentimita 40 ndani ya pipa hilo ni mkaa wa lita 100 hivi.

Mwendo wa maji ndio roho ya chujio. Yakikimbia hayashikwi. Fungua koki kiasi cha ndoo ya lita 20 ijae kwa dakika 24, hapo unapata lita 50 kwa saa, na maji yanakaa na mkaa vya kutosha. Kabla ya kuingia yaache yatulie kwenye dumu jingine usiku mzima, tope lishuke, la sivyo mchanga utaziba baada ya wiki. Ukiziba, kwangua sentimita mbili za juu na urudishie mpya.

Kujua mkaa umechoka, chota kidogo kutoka juu ya tabaka, tia kwenye chupa ya maji yenye matone ya wino, tikisa na uache saa moja. Fanya hivyo na mkaa mpya kwenye chupa nyingine. Chupa ya mkaa wa zamani ikibaki na rangi, badilisha. Kipimo hicho kinakuambia kuhusu rangi na uchafu wa aina yake tu. Kwa metali, peleka maji yaliyotoka maabara walau mara moja kwa mwaka, ukilinganisha na kiwango cha maji ya kunywa cha Shirika la Afya Duniani, risasi miligramu 0.01 na kadimiamu 0.003 kwa lita.

Mkaa uliotoka kwenye chujio ni mkaa mzuri wa kuonekana, mgumu, na kijana wa jirani yangu aliyeuona umeanikwa aliniomba akauchomee mishikaki. Usimpe mtu. Hiyo risasi na kadimiamu uliyoikamata mwaka mzima itapanda na moshi na kukaa kwenye nyama na kwenye kifua cha anayepuliza. Usiurudishe bustanini pia. Mimi wa kwangu nimeufukia mita moja kwenda chini, kwenye mwarobaini wa uani, mbali na kisima, na juu nimeandika kwa rangi kwenye kipande cha bati: HAPA USILIME.